Vifaa vya zamani vya jeshi: wapi pa kununua ukiwa Malindi, na nini cha kuacha

Ukizunguka Malindi yote ukitafuta mabuti ya ngozi yasiyobanduka, shanta la turubai au jerikeni ya chuma, hutakuta duka lenye kibao cha mabaki ya jeshi. Maduka hayo ni ya Ulaya na Marekani, na yaliletwa na vita. Serikali zikimaliza kupigana hubaki na maghala yaliyojaa, hupiga mnada, na wafanyabiashara hujitokeza. Francis Bannerman wa New York aliingia kazi hiyo mwaka 1865, na baada ya vita vya Marekani na Hispania vya 1898 alinunua shehena kubwa mno hata ikambidi apate kisiwa kwenye mto Hudson cha kuhifadhia baruti. Italia nako, Livorno ina Mercatino Americano, soko lililoota kutokana na vifaa vya wanajeshi wa Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Soko la Resina huko Ercolano, karibu na Napoli, lina asili hiyo hiyo.

Vitu hivyo hivyo hutufikia, ila vimechanganyika na mitumba mingine, na anayevijua ndiye anayevipata. Mvuvi, muongoza wageni wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mkulima wa Ganda, wote hawa wanahitaji kitu kilichoshonwa ili kifanye kazi, na mara nyingi hununua shanta la nailoni linalopasuka kabla ya kusi kuisha. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu.

Kwanza, cha kuacha. Nguo ya mabaka usinunue, iwe ya jeshi lolote, hata kama ni kofia, hata kama ni ya mtoto. Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo bila ruhusa, na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) ya mwaka 2012 imelikazia jambo hilo. Askari kwenye kizuizi hana haja ya kuchunguza kama mabaka yako ni ya Ujerumani au ya Ufaransa. Kwa anayesafiri barabara ya Garsen na Witu kwenda Lamu, ambako operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni imekuwapo tangu 2015, jambo hili linagusa uhai wake na wa abiria wenzake. Gwanda la kijani kitupu pia nalikataa, maana askari wa wanyamapori na vikosi vingine huvaa kijani. Chukua kijivu au kaki.

Sasa mahali pa kununua, kuanzia penye faida zaidi.

1. Kongowea, Mombasa

Ni kiasi cha kilomita 120 kutoka Malindi, na nauli hiyo inalipa. Beli, yaani marobota ya mitumba, za jaketi na za viatu hufunguliwa pale, na vipande vya jeshi hutokea katikati ya jaketi za kazi na viatu vya mafundi. Wauzaji hutenga "kamera", yaani vile vya kwanza visivyo na doa, na bei yake huwa juu. Vya jeshi mara nyingi havihesabiwi kamera kwa sababu vinaonekana vizito na vya kizamani. Hapo ndipo nafasi yako ilipo. Fika asubuhi siku beli zinapofunguliwa, zungumza na muuzaji mmoja au wawili kwa heshima, waambie unachotafuta, na uache namba. Muuzaji anayekujua atakuwekea.

Tafuta lebo ya ndani. Vifaa vya nchi za NATO, muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, huwa na namba ya tarakimu 13. Nne za kwanza zinataja aina ya kitu: 8430 ni viatu vya wanaume, 8465 ni vifaa vya kubeba kama mashanta, 8340 ni mahema na maturubai. Mbili zinazofuata ni nchi: 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 99 Uingereza, 01 Marekani. Jaketi lililoshonwa kwa ajili ya vijana wa mtindo halina namba hiyo, au lina namba ya kubuni isiyotimia. Kwangu mimi huu ndio ukaguzi wa kwanza, kabla hata ya kuuliza bei.

2. Wageni wanaohama Malindi

Hii ni bahati ya mji wetu. Wataliano wamekaa hapa miaka mingi, na anayefunga nyumba arudi kwao huuza vyombo vyote, vikiwemo vitanda vya kukunja, mahema ya safari, masanduku ya bati na jerikeni za chuma. Mawakala wa nyumba na walinzi ndio wanaojua nani anahama. Vitu hivi vimeshaingia nchini, unavishika kwa mkono, na bei huwa ya mtu anayetaka kumaliza.

Jerikeni hasa, usiiache ikikupitia. Muundo wake ni wa Wajerumani wa mwaka 1937: lita 20, mishikio mitatu ili watu wawili waweze kuibeba pamoja, na mfuniko unaobanwa kwa wenzo badala ya kuzungushwa. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza kule jangwa la Afrika Kaskazini walikuwa wakibeba petroli katika mabati membamba ya galoni nne, ndugu wa debe letu, nayo yalivuja hovyo njiani. Walipoziteka za Wajerumani waliziiga kama zilivyo. Kwa mwenye boti la mashine hakuna chombo bora cha kubebea petroli. Angalia mpira wa mfuniko, umulike ndani kwa tochi kama kuna kutu, na iliyowahi kutiwa mafuta usiirudishe kwenye maji ya kunywa, hata uioshe namna gani.

3. Ndugu aliye Ulaya

Wengi hapa wana dada, shemeji au rafiki Italia au Ujerumani. Mwambie aende mwenyewe sokoni au dukani na akutumie picha ya lebo, mishono na soli. Agiza kitu kimoja mahususi. Mimi ningeagiza shanta la jeshi la Uswisi la zamani, la turubai la kijivu lenye ngozi, kwa sababu halina rangi ya kuleta maswali. Mkumbushe asitie kipande chochote cha mabaka kwenye begi, wala sanduku la risasi hata likiwa tupu. Sanduku lile lina mpira unaozuia maji na lingefaa sana kuwekea simu baharini, lakini kulieleza uwanja wa ndege au kizuizini ni mzigo usio na maana. Ndoo yenye mfuniko wa kubana itakutosha.

4. Mitumba ya Malindi mjini

Ni karibu, na wenyewe ni watu wema, lakini vingi vimeshapita mikono ya Kongowea. Pitia unapokuwa na nafasi. Mablanketi ya sufu na mikanda hupatikana.

5. Mtandaoni

Naiweka mwisho. Vitu vya jeshi ni vizito, gharama ya kusafirisha hupita bei ya kitu chenyewe, na kuna ushuru juu yake. Zaidi ya yote, huwezi kukunja soli.

Na soli ndiyo inayowaponza watu. Mabuti mengi ya jeshi ya miaka ya karibuni yana soli ya poliyurethani, aina ya plastiki nyepesi. Inapokaa ghalani miaka mingi huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, na joto huharakisha. Pwani yetu ina vyote viwili. Buti linaweza kuwa halijavaliwa hata siku moja, ngozi inang'aa, kisha soli ikamomonyoka kama kitumbua siku ya kwanza ya kazi. Bonyeza kwa ukucha pembeni mwa soli, ikunje kwa nguvu, tazama kama inatoa unga au nyufa. Ikiwa inanata kidoleni, rudisha. Soli ya mpira mtupu, iliyoshonwa kwenye ngozi, hudumu, na ikiisha fundi viatu anaibadilisha. Kwa anayeingia mikokoni, bora mabuti ya msituni ya Kimarekani yenye kitambaa juu na matundu madogo ubavuni ya kutolea maji.

Turubai linunuliwe kwa pua. Harufu ya kuvu haitoki, na uzi wa pamba uliooza hukatika ukivutwa kidogo. Bizimu na vijicho viwe vya shaba nyeupe au njano, kwa kuwa chuma kitaliwa na chumvi.

Ukikosa kote huko, nunua turubai zito la pamba kwa mita, upeleke kwa fundi anayeshona matanga au maturubai ya malori. Mpe shanta la mtu uliloazima alitumie kama kiolezo. Mwambie ashone mishono miwili kila ukingo, aweke kipande cha pili chini ambako mzigo hukaa, na mikanda ya mabegani iwe na upana wa vidole vinne.