Hanesi ya hanglaida niliyonunua mtumba, shughuli iko kwenye zipu

Wadau hii hanesi (mfuko wenye mikanda unaokuning'iniza chini ya hanglaida, lile bawa la kurukia bila injini) nimeitumia miezi saba sasa, nimeichukua mtumba kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ni ile ya kulala kifudifudi, miguu yote inaingia ndani kama umejitia kwenye begi la kulalia, ukishapaa unafunga zipu. Angani raha tupu aisee, mabega hayaumi, mbavu hazibanwi, na mwezi wa sita kule ukingoni Kilimatinde asubuhi baridi inakata lakini humo ndani joto safi, huku chini unaiona Bahi yote imetandaa.

Tatizo ni kutoka. Na nikisema kutoka sio kuchomoa karabina jamani, karabina, ile pete ya chuma inayokushikilia kwenye glaida, haiguswi mpaka uko chini, nasema kutoa miguu ili ushuke umesimama ukimbie hatua mbili tatu.

Mwezi wa nane nilikuwa nimeshaanza kushuka kwenye shamba la mtama lililovunwa, navuta kamba ya zipu, ikaja kidogo ikagoma usawa wa magoti. Navuta tena, wapi. Sasa hapo mkono mmoja uko kwenye zipu, mwingine umeshika bomba la kuongozea glaida, na ukishika bomba kwa mkono mmoja huku unahangaika, mwili unahama bila wewe kujua na glaida inafuata uzito wako, basi ikaanza kukata kushoto kwenye miiba. Nikaachana na zipu. Nikarudisha mikono yote miwili, nikainyoosha glaida, nikabaki na spidi yangu nikatua kwa yale magurudumu madogo ya kwenye bomba, nimeburuzwa kifudifudi kama mita 10 hivi, kidevu kimechubuka basi. Bila magurudumu bomba lingechimba ardhini pua ya glaida ikajipigiza, na hapo ndo watu wanavunjika mikono. Kama yako haina, weka, tafadhali sana.

Nyumbani nikamulika tochi, meno ya zipu yamejaa vumbi jekundu la kwetu na kitambaa cha ndani kimeliwa na kichwa cha zipu. Nikapeleka kwa mzee mmoja fundi mabegi pale Majengo, Dodoma, akaigeuza geuza akasema "mwanangu zipu nzima hii, kichwa ndo kimelegea". Akabadilisha kichwa, akashona utepe kwa ndani kitambaa kisiingie tena, akaniambia nisugue mshumaa nisipake mafuta kwa sababu mafuta yanakamata vumbi. Sh 8,000 tu, na tangu hapo inateleza.

Siku hizi kabla ya kwenda kuruka naining'iniza kwenye mwembe hapa Ipagala, naingia, navaa glavu, nafumba macho nafungua zipu mara tano sita mpaka mkono uzoee wenyewe. Na angani nafungua mapema, mita 150 juu au zaidi, nikiwa bado na nafasi ya kuzunguka. Miguu ikining'inia inakamata upepo unapoteza umbali kidogo, sawa tu, afadhali hivyo kuliko kupigana na zipu uko karibu na ardhi, tena kiangazi mchana na zile chamchela zetu usithubutu.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kamba ya kufungulia bado ni fupi, nimeiongezea kipande na kufunga fundo kubwa mwishoni ili niipapase bila kuangalia.