Kukodi kayaki Matema: nilishuka na Ricarda Funk kichwani

Mimi fundi simu, Mwanjelwa. Julai 2021 nilikuwa nabadilisha kioo cha mteja, simu yangu nimeiegemeza kwenye kopo la bisibisi, naangalia Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa slalomu ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia: unashindania muda, unapita milango, yaani katikati ya nguzo mbili mbili, bila kuzigusa. Mjerumani Ricarda Funk akashuka kwenye maji ya povu kwa sekunde 105.50, hajagusa nguzo hata moja. Dhahabu. Jessica Fox wa Australia alikuwa na mbio kumshinda, ila aligusa mara mbili, kila mguso sekunde 2, akaambulia shaba. Na kwao Funk, bonde la Ahr, mafuriko yalikuwa yamepita hata wiki mbili hazijaisha. Mwaka uleule akachukua ubingwa wa dunia Bratislava, 2022 akaurudia Augsburg, nchini kwake.

Basi mwezi uliopita nikateremka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, nikaikalie hiyo kayaki.

Saa moja elfu kumi, ukibembeleza elfu nane. Kayaki ni za plastiki, zimepauka kwa jua, lakini hazivuji. Niliipindua moja nikaikagua kama simu iliyoingia maji. Jaketi la kuokolea nililopewa klipu yake imekatika, wamefunga kamba ya katani. Nikalikataa. Dai jingine, zima lipo stoo.

Kijana wa pale akaniuliza, "Kaka, unazunguka tu au unashindana?" Nikamweleza habari ya milango. Akacheka, akaenda kuchomeka mianzi miwili maji ya kiunoni. (Kwenye slalomu yenyewe nguzo zinaning'inia juu ya maji, milango inafika 25, na mingine lazima uipite ukipanda mkondo.) Nilipita mara sita. Nne niligusa, moja nikapita nje kabisa, na kukosa mlango ni sekunde 50. Adhabu sekunde 58, na ziwa limetulia kama uji uliopoa!

Lawama si zangu zote. Kayaki ya slalomu ina mita 3.5 hivi, hii niliipima kwa hatua, inazidi nne, inataka kwenda mbele tu. Kwa kutalii chini ya Milima ya Livingstone inafaa sana. Nyota nne, ya tano wakanunulie klipu.

Nendeni asubuhi. Mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukianza kuvuma, kijana atataka nyongeza ya kukufuata na mtumbwi, na mimi nililipa bila kubishana.