Supamaketi za Kigoma mjini: chungulia friza kabla hujachukua kikapu

Anayeishi kati ya Mwanga na Ujiji hana shida ya mahali pa kununua chakula kibichi. Mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki, uko karibu, Katonga ipo, soko la Mwanga linafunguliwa mapema na kila mtaa una genge lake. Kwa hiyo supamaketi ya hapa haiwezi kujisifu kwa kuuza nyanya. Inabidi ionyeshe kitu ambacho genge halina, na kitu hicho ni ubaridi usiokatika. Ukiondoa ubaridi, kinachobaki ni duka la kawaida lenye feni na bei iliyopanda.

Maduka yenyewe mengi si makubwa: vyumba viwili au vitatu vilivyounganishwa, friza mbili tatu za kulala, friji moja ya kioo ya kusimama, rafu za unga na sabuni, keshia mlangoni. Hukumu inaweza kutolewa mapema. Maziwa, mtindi, siagi, jibini, soseji na kuku wa kugandishwa: nunua supamaketi, ila kagua. Samaki: nenda mwaloni. Mboga za majani: gengeni. Nyama ya ng'ombe: bucha lenye wateja wengi, ambalo nyama yake huisha kabla ya jioni.

Tuanze na friza, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Chakula cha kugandishwa kinatakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji ya maziwa isizidi nyuzi 4 au 5. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kushikilia baridi yake kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24, na friji saa 4 tu. Lakini hayo ni mahesabu ya friza iliyofungwa. Dukani kifuniko hufunguliwa kila mteja anapotaka kuchungulia, kwa hiyo ondoa kabisa habari ya saa 48. Kuna pia maduka yenye jenereta inayowasha taa na kompyuta ya keshia huku friza zikiachwa bila umeme, na kuna wenye duka wanaozima friza usiku ili umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, usikimbie. Hilo la pili halionekani kwa macho mchana, lakini bidhaa zenyewe zinasema.

Inayosema kwa sauti kubwa kuliko zote ni aiskrimu. Nenda kwenye friza ya aiskrimu kwanza, hata kama huna mpango wa kununua. Kikopo kilichoyeyuka na kuganda tena huwa kimeshuka chini ya ukingo wake, au kimelala upande mmoja, na ukikifungua nyumbani juu yake kuna chembe za barafu zinazokwaruza ulimi. Aiskrimu ya fimbo huwa imepinda ndani ya karatasi yake. Ukiona hivyo, usinunue kuku katika duka hilo siku hiyo, kwa sababu umeme uliokatika haukuchagua friza.

Kuku mwenyewe mgeuze chali. Barafu ya rangi ya waridi iliyokusanyika chini ya mfuko ni maji ya nyama yaliyotoka alipoyeyuka, yakaganda upya. Vipande vilivyotakiwa kuachana vikiwa vimeshikamana kama tofali, ni habari ile ile. Ubaya wake ni wa aina mbili. Bakteria hawafi kwa kugandishwa, wanalala. Kuku akiyeyuka wanaamka na kuzaliana, akigandishwa tena wanalala wakiwa wengi kuliko mwanzo. Pili, friza ya duka hugandisha polepole, barafu inajijenga katika chembe kubwa zinazopasua nyama, na ndiyo maana kuku wa namna hiyo akiingia sufuriani anatoa maji mengi na kubaki mkavu kama kamba. Mifupa kuwa myeusi karibu na viungo, kwa upande mwingine, si dalili ya kuoza. Ni uboho wa kuku mchanga uliovuja wakati wa kuganda. Wengi humtupa kuku mzima kwa hofu hiyo bure.

Jambo jingine linalopuuzwa ni mstari wa kupakia. Ndani ya friza nyingi za kulala za kioo kuna mstari uliochorwa ukutani, na bidhaa iliyo juu ya mstari huo haipati baridi kamili. Hapa Kigoma, mzigo ukifika kutoka Dar es Salaam, friza hujazwa mpaka kioo hakifungi vizuri. Chukua kutoka chini. Na angalia nani amelala na nani: kuku mbichi na samaki wasiofungwa juu ya maboksi ya aiskrimu au mikate ni sababu tosha ya kutoka na kikapu kitupu.

Soseji, siagi na mtindi vinavyotoka Dar vimesafiri zaidi ya kilometa 1,200 kabla ya kufika hapa. Safari hiyo huwezi kuikagua, lakini unaweza kukagua matokeo yake. Pakiti ya soseji iliyobanwa bila hewa ikivimba, au ikiwa na majimaji meupe yanayonata ndani, iache. Siagi iliyoyeyuka na kuganda tena hupoteza umbo lake la pembe na huacha alama ya mafuta kwenye karatasi. Mtindi ukiwa na kifuniko kilichotuna, ni gesi ya vijidudu. Maji kidogo ya kijani-njano juu ya mtindi hayana neno, koroga unywe.

Kwenye maziwa watu wanachanganya mambo mawili. Maziwa ya boksi yaliyopikwa kwa joto kali sana, yale ya kukaa miezi, hayahitaji friji mpaka yafunguliwe. Duka likiyaweka rafuni halijakosea. Maziwa freshi ya pakiti laini yamechemshwa kwa kiasi tu, bila friji hayafiki mbali. Duka linaloweka pakiti hizo juu ya kaunta "kwa sababu zinatoka haraka" linakuuzia maziwa yatakayokatika yakigusa moto jioni. Kamata pakiti: iwe baridi mpaka katikati, isiwe imevimba.

Tarehe nazo zinahitaji jicho, kwa sababu Kigoma inapokea bidhaa za Burundi na Kongo, na maandishi yake mara nyingi ni ya Kifaransa. Tarehe inayoanza na siku, kisha mwezi, ndiyo ya kawaida kwetu, lakini zipo bidhaa za mbali zinazoanza na mwezi, na 05/08 inaweza kukupotosha kwa miezi mitatu. Stika ya bei iliyobandikwa juu kabisa ya tarehe ibandue. Mara nyingi ni uzembe wa mhudumu tu, lakini wewe bado unayo haki ya kusoma kilicho chini yake. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nayo itafutwe. Shirika hilo ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, kazi hiyo ilipotolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Sasa samaki. Hapa ndipo supamaketi inaposhindwa nyumbani kwake. Wavuvi wa dagaa na migebuka huingia ziwani usiku kwa taa, na alfajiri mzigo unashuka mwaloni. Mgebuka wa saa moja asubuhi ana macho yaliyojaa na kung'aa, ukifunua shavu matamvua ni mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, tumbo limefunga. Harufu yake ni ya maji ya ziwa. Huyo huyo akipita kwa mchuuzi, akakaa kwenye beseni bila barafu mpaka saa sita, ndipo akaingizwa friza ya duka, atakaa humo akiwa tayari amechoka. Kugandisha hakurudishi upya uliopotea. Kwa joto la hapa, samaki anataka barafu uzito sawa na wake, kilo kwa kilo, tangu anapotoka majini.

Samaki aliyeganda huwezi kumhukumu kwa macho wala kwa kidole, kwa hiyo tafuta dalili nyingine. Mabaka meupe makavu kwenye ngozi ni ukavu wa friza: hayadhuru, ila ladha imekwenda. Unjano kwenye tumbo la mgebuka ni mafuta yaliyochacha, na mgebuka ni samaki wa mafuta, hapendi kukaa friza zaidi ya miezi miwili au mitatu. Tumbo lililopasuka maana yake aligandishwa na matumbo yake na alichelewa. Vipande vya sangala vilivyovikwa barafu nene vinapimwa pamoja na barafu hiyo. Kama gramu 150 kwenye kilo ni maji, umenunua gramu 850 za samaki kwa bei ya kilo, basi igawe bei ndipo ulinganishe na mwaloni.

Na kuna mwezi. Siku za mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, uvuvi unapoa kwa siku kadhaa, mitumbwi inapumzika. Mhudumu akikuambia "hawa wameingia leo" wakati usiku wa jana mwezi ulikuwa mpevu, tabasamu na umuulize tena. Vivyo hivyo ziwa likifungwa, kama ilivyokuwa 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15: samaki wa Tanganyika aliyekuwa frizani mwezi Julai alikuwa na umri wake.

Dagaa wakavu ni habari tofauti, na hapa supamaketi nyingine zinastahili sifa. Dagaa wa pakiti waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, tofauti na walioanikwa chini. Watafute wenye rangi ya fedha. Waliogeuka kahawia au njano wamechacha. Kosa la wafungashaji ni kuwafunga kabla hawajakauka sawasawa, hasa masika: ukiona ukungu wa maji ndani ya nailoni, ukungu wa kweli uko njiani. Vunja mmoja ukiruhusiwa. Mkavu hukatika kwa mlio, asiyekauka hupinda.

Mboga za majani katika supamaketi za hapa, kwa kusema kweli, ni mapambo. Lengalenga na matembele yaliyofungwa kwenye plastiki yanatoa jasho na kuoza kuanzia katikati ya fungu, huku nje yakionekana mazuri. Nyanya zinawekwa friji zikiwa hazijaiva na kupoteza ladha. Ndizi mbivu zinawekwa friji na kugeuka nyeusi, kumbe hazipendi kushuka chini ya nyuzi 13. Viazi vinakaa dirishani mpaka vinaota kijani, na kijani hicho ni dalili ya sumu, si rangi tu. Karoti na kabichi zinavumilia, hizo chukua. Sombe (kisamvu) iliyotwangwa ikagandishwa siku hiyo hiyo ni msaada mkubwa kwa asiye na kinu, mradi iwe na rangi ya kijani kibichi na isiwe na harufu ya uchachu. Ipike muda mrefu, mwanzoni bila kifuniko, ili sumu ya mihogo itoke na mvuke.

Mayai: trei isiyo na vumbi wala nyufa, na isiwe imekaa jua la mlangoni. Nyumbani tumbukiza moja kwenye maji, likielea limezeeka.

Huduma zimegawanyika. Ukarimu upo, salamu zipo, "karibu shangazi", "karibu mzee wangu" hazikosekani, na kijana atakubebea mzigo mpaka kwenye bajaji bila kuombwa. Kinachopungua ni ujuzi wa bidhaa. Muulize mhudumu: "Hii imeingia lini, na jana umeme ulipokatika friza ilikuwaje?" Katika duka zuri atajua, au atamwita anayejua. Katika duka baya atajibu "bado nzima hiyo" bila kugeuza pakiti. Jibu hilo linatosha kukuonyesha kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kutazama friza.

Mizani ya kaunta iwe inasoma sifuri kabla bidhaa haijawekwa, na iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Bakuli au trei ya kupimia itolewe kwenye uzito. Bei ya rafuni na bei ya keshia zikitofautiana, simama hapo hapo kabla hujalipa, kwa sababu mara nyingi kompyuta imebadilishwa na rafu ikasahauliwa. Chenji ya pipi ikatae kwa upole: "Dada, nisaidie chenji yangu, au nilipe kwa simu." Kwa lipa namba kiasi kinakuwa kamili na pipi zinabaki kwao.

Kuhusu kurudisha, bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" linafaa kwa mtu aliyebadili mawazo. Halifai kwa maziwa yaliyokatika kabla ya tarehe yake. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiipoteze, usitupe pakiti, piga picha ya tarehe na namba ya toleo, rudi siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi ukiongea na msimamizi, si na keshia, ambaye hana mamlaka na unamtesa bure. Maduka mazuri hubadilisha bila mjadala. Likikataa, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji, na TBS ndiyo ya kuambiwa kama chakula kimeharibika.

Ukishaamua kununua, zunguka kwa mpangilio: unga, sabuni na mafuta kwanza, friji na friza mwisho kabisa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo njoo na kikapu chako, na ndani yake chupa moja ya maji uliyoigandisha usiku. Panga kuku na maziwa kuizunguka, funika kwa khanga iliyokunjwa mara nne. Mpaka Ujiji, hata bajaji ikipitia Mwanga kutafuta abiria wa pili, kuku atafika angali mgumu.