Klarineti ya alto ya Vito: mimi nasema chukua plastiki

Nimepiga hii Vito, klarineti kubwa ya sauti ya chini kuliko ile ya kawaida, kwa bendi yetu hapa Kisumu karibu miaka mitatu sasa, na Jumamosi kwa mazoezi kuna dada ameniuliza tena kama anunue ile ya mpingo aliyoonyeshwa Nakuru, so wacha niandike vizuri.

Ya kwanza yangu ilikuwa ya mpingo, mtumba, imepigwa polishi mpaka unajiona, nikalipa bila kuijaribu sawasawa. Noti za chini zilikuwa tamu kweli. Lakini nikitoka A ya koo (noti za mwisho za sauti ya chini) kwenda B ya juu yake, pale tunapoita daraja, inalia kama bawaba ya mlango, nikadhani shida ni mdomo wangu, nikapiga noti ndefu kila jioni miezi miwili, kumbe pedi moja (ule mto mdogo unaoziba shimo) ilikuwa haifungi! Halafu tukaenda kupiga Kericho asubuhi baridi ile, mchana tuko Kisumu na joto la ziwa, wiki hiyo hiyo nikaona ufa mwembamba kama unywele karibu na tundu la juu. Nililia. Mpingo ni mti wetu huku Afrika Mashariki, ndio ule wa vinyago vya Wamakonde, naupenda, lakini ukipanuka ndani kwa pumzi ya moto na nje bado ni baridi unapasuka tu.

Vito ilikuwa chapa ya wanafunzi ya kampuni ya Leblanc, Kenosha kule Marekani. Mwili ni plastiki, jua na mvua ya bendi ya nje haziisumbui, na mashimo yamefunikwa na ki (vile vifuniko vya chuma unavyobonyeza) kwa hivyo mwenye vidole vifupi hahangaiki. Sauti haina ule utamu wa mbao, sitadanganya, lakini inavuka daraja laini na ndani ya bendi hiyo ndio inahesabika. Yangu ilikuja na mauthipisi (ile sehemu ya kuweka mdomoni) ya mtu mwingine imemeguka ncha, nikaweka ya chapa ya Vandoren, sauti ikafunguka siku hiyo hiyo. Ridi (kile kijiti chembamba kinachotetemeka kwa mauthipisi) natumia za alto saksofoni, zinakaa poa na zinapatikana. Na kwa sababu ala zote mbili ni za E flati, yaani noti zinaandikwa kwa ufunguo mmoja, part (karatasi ya noti) ya alto saksofoni naisoma vile ilivyo, siku haijaja part yangu sikai bure.

Ukienda kununua beba karatasi ya sigara. Weka chini ya pedi, funga ki polepole, vuta: ikitoka bila kushika hata kidogo, hapo hewa inapita. Fanya pedi zote, hata kama muuzaji ananuna, na ile ya kwa shingo ya klarineti usiiruke kabisa. Halafu panda A kwenda B mara kumi.

Dada, kabla hujatuma hata bob kwa M-Pesa, kuja Jumamosi na ridi yako ujaribu yangu.