Patani mbili, gauni moja la malkia wa filamu: uzoefu wangu

Patani ya kwanza, yaani michoro ya karatasi ya kukatia nguo, niliinunua kwa sababu ya picha. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo kosa lililonigharimu wiki nzima na mita tano za kitambaa cha majaribio, na najua mafundi wengi tunanunua hivyo hivyo.

Mimi nashona Mwanga, Kigoma, kwa cherehani ya miguu, mwaka wa 11 sasa. Kazi zangu ni sare za shule, vitenge vya kanisani na magauni ya sendofu. Mwezi wa tano binti wa dada yangu akaja na simu yake: "Mamdogo, sendofu yangu nataka hili." Picha ilikuwa ya Arwen, yule binti wa ukoo wa elfi, viumbe wa hadithi walio kama watu, katika The Lord of the Rings. Shingo pana, mwili umebana mpaka kwenye nyonga, mikono inafunguka kama tarumbeta na kuning'inia karibu na magoti. Filamu hiyo tuliiona zamani kwenye kibanda umiza, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, na sikumbuki kama nilielewa nani anapigana na nani. Magauni niliyakumbuka.

Kukata kwa macho naweza. Nguo nyingi hapa tunazikata kwa macho na vipimo, hakuna karatasi. Lakini gauni la namna hii lina vipande vingi vinavyopaswa kukutana mahali pamoja, na veliveti ukishaikata vibaya haina msamaha. Nikaamua kununua patani mtandaoni, ile ya kupakua na kuchapa mwenyewe, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu. Hii ya kwanza iliuzwa kama patani ya vazi la filamu hasa, imenigharimu kama shilingi 18,000. Muuzaji simtaji. Picha yake ilikuwa msichana msituni, upepo unapuliza, nywele hadi kiunoni.

Nilipoifungua nikakuta vipande vinne tu: mbele, nyuma, mkono, na ukanda. Mbele ni kipande kimoja kizima, hakina dati (mkunjo ulioshonwa wa kubana nguo) wala mkato wa prinsesi (mshono mrefu unaoshuka kupitia kifuani hadi kiunoni). Umbo lote lilitegemea kamba za kufunga mgongoni. Yaani ni gunia, ukilivuta kamba linajikunja kiunoni na kwenye picha linaonekana limebana. Saizi zilikuwa ndogo, kati na kubwa, basi. Kwa sherehe ya watoto ingefaa. Kwa binti atakayesimama mbele ya wakwe, hapana.

Na kabla sijafika huko nilikuwa nimeshaharibu kwenye kuchapa. Hapa nitakaa kidogo, maana hili litamkuta yeyote.

Patani nyingi za mtandaoni zinatoka Marekani, na karatasi yao si A4. Yao ni pana zaidi kidogo, sentimita 21.6 kwa 27.9, wakati A4 ni 21 kwa 29.7. Kijana wa steshenari alipoona ukurasa hauingii, akabonyeza ile ya kuuenezesha kwenye karatasi. Mashine ikaupunguza. Patani ilikuwa na mraba wa kupimia kama ukubwa umechapwa sawa, lakini ni wa inchi moja tu. Niliuangalia, nikaona inchi, nikaendelea. Kumbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 4, na asilimia 4 ya inchi moja ni milimita moja, jicho haliioni. Kwenye kifua hesabu ni nyingine kabisa. Gauni lililopaswa kuwa na mzunguko wa sentimita 104 likawa 100 kasoro. Mpwa wangu kifua chake ni 98. Ule upana wa kupumulia, uliokuwa sentimita 6, ukabaki chini ya 2. Akavaa nguo ya majaribio, akacheka, ikalia "traa" ubavuni.

Kwa hiyo ukiwa steshenari mwambie achape kwa asilimia 100, ukubwa halisi, na achape kwanza ule ukurasa wenye mraba peke yake. Upime kwa rula, si kwa futi kamba iliyolegea. Kama muuzaji ana toleo la A4, omba hilo. Mimi nililipa shilingi 200 kwa ukurasa, kurasa 42, nikaunganisha kwa gundi sakafuni nikiwa nimefunga mlango kuku wasiingie. Zote zikaenda kuwashia mkaa.

Patani ya pili sikuangalia picha. Niliangalia ule mchoro mweusi wa mistari unaoonyesha mishono ilipo, na jedwali la vipimo vya nguo ikishakamilika. Ilikuwa gauni la kawaida la jioni, halina msitu wala upepo: mikato ya prinsesi mbele na nyuma kuanzia begani, sketi inayofunguka kuanzia nyonga, mkono mrefu uliobana. Bei kama 31,000. Mraba wake wa kupimia ulikuwa sentimita 10. Kijana yule yule akachapa, nikapima, 9.6. Nikamrudishia pale pale. Huo mraba mkubwa peke yake ulilipa tofauti ya bei.

Kuhusu saizi: usiende na namba ya nguo za dukani. Kwenye patani za kampuni kubwa za Marekani, saizi 12 ni kifua cha inchi 34, kiuno 26 na nusu, nyonga 36. Anayevaa 12 ya dukani akikata 12 ya patani atabaki analia. Tena kifua chenyewe kipime mara mbili. Kwanza juu ya matiti, futi kamba ikipita chini ya kwapa, kisha mahali palipojaa. Patani hizo huchorwa kwa mwanamke ambaye tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kama sentimita 5. Mpwa wangu juu ni 90, palipojaa 98, tofauti 8. Ningechagua kwa ile 98, mabega yangekuwa ya mtu mwingine na shingo pana ingemwangukia. Nikachukua saizi 14 kwa mabega na kwapa, nikaongeza sentimita 3 kila upande kwenye mkato wa prinsesi wa mbele tu, nikaishusha mistari polepole hadi saizi 18 kwenye nyonga, kwa sababu nyonga zake ni 106. Ndiyo faida ya mikato ya prinsesi: una sehemu ya kuongezea na kupunguzia bila kugusa bega. Lile gunia la kwanza lingeongezewa wapi?

Patani ilikuwa na akiba ya mshono, kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani, ya sentimita 1.5. Mimi ubavuni na mgongoni niliweka 2.5. Wenzetu wakinenepa hununua nguo nyingine, huku kwetu gauni linarudi kwa fundi baada ya mtoto wa kwanza.

Nguo ya majaribio niliishona kwa marekani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa. Nikiwa nashona nilikuwa nawaza kwamba misafara ya karne ya 19 iliyofika hapa Ujiji ilibeba kitambaa hiki hiki pamoja na shanga, na kiliitwa marekani kwa sababu kilitoka huko. Leo patani imetoka huko pia. Lakini ukikosa marekani, shuka la mitumba lisilovutika linatosha.

Kulinganisha majaribio ya magauni yote mawili ndiko kulikoonyesha jambo la kwapa. Mpwa alisimama, akaonekana malkia. Nikamwambia, "Haya, mlishe keki baba mkwe." Akanyanyua mkono. Kwenye lile gauni la kwanza, ambalo kwapa lake lilikuwa refu kushuka hadi karibu na kiuno cha juu, nguo nzima ilipanda naye hadi vifundo vya miguu vikaonekana. Watu wengi hudhani kwapa pana ndilo linalompa mtu uhuru. Ni kinyume. Kwapa dogo lililokaa juu, karibu na mwili, linaacha mkono unyanyuke peke yake na mwili wa gauni unabaki pale pale. Patani ya pili ilikuwa hivyo. Sikuigusa.

Kilichobaki kilikuwa tarumbeta. Mkono wa patani niliukata kwenye kiwiko. Juu ya kiwiko nikauacha umebana kama ulivyochorwa. Chini nikachora mistari minne hadi pindo, nikakata, nikatanua kila mwanya sentimita 7. Nikajaribu. Ukawa kama kengele ya shule, si tarumbeta. Mwishoni niliacha kile kipande, nikakata robo duara, nikaiunga kwenye mstari wa kiwiko, upande mfupi ukiwa ndani ya mkono na mrefu ukining'inia nje. Hapo ndipo mpwa alipopiga kelele. Bitana ya tarumbeta ni lazima, na iwe ya kuvutia, kwa sababu ndani ndiko kunakoonekana kuliko nje. Dada yangu akaleta kitenge cha kijani na dhahabu kutoka kwa mwanamke anayevusha mzigo kutoka Kongo. Nilisita. Elfi gani anavaa kitenge? Basi kilikuwa ndicho kitu kilichosifiwa kuliko vyote siku ile.

Kitambaa: niliambiwa veliveti, au mahameli kama mama anavyoita, na picha ya filamu inaonyesha hivyo. Lakini zile filamu zilipigwa New Zealand, na gauni lao halipandi bodaboda wala halikai saa sita ukumbini Kigoma chini ya feni mbili. Aliyeongoza mavazi yale, Ngila Dickson, alishinda Oscar mwaka 2004 pamoja na Richard Taylor, na heshima yake naitoa, ila mwigizaji akimaliza kupigwa picha anavua. Nikatumia veliveti mwilini tu, kutoka mapazia ya mitumba ya rangi ya damu ya mzee, na sketi pamoja na tarumbeta nikashona kwa krepu nzito. Ukitumia veliveti, vipande vyote vielekee upande mmoja, maana manyoya yake yakigeuka rangi inageuka. Usiipige pasi usoni. Igeuze juu ya kipande kingine cha veliveti au taulo, pasi iguse mgongo tu.

Sketi niliitundika siku mbili kabla ya kukata pindo. Sehemu zilizokatwa mshazari zilishuka karibu sentimita 4. Mkia wa nyuma nilitaka kuukata kabisa kwa ajili ya vumbi jekundu, mpwa akagoma, tukakubaliana uwe wa kuondoa: kulabu tano chini ya ukanda. Aliingia nao ukumbini, akapiga picha, shoga yake akauvua na kuuweka kwenye mfuko wa nailoni kabla ya chakula. Tarumbeta nazo niliziwekea kitanzi kidogo kinachoshikwa na kifungo kwenye kiwiko. Alikisahau mara moja tu, na mchuzi wa migebuka ukapata kitenge badala ya krepu.

Patani ya pili naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu maelekezo ya zipu ya kuficha yamerukwa kabisa, kana kwamba kila mtu anajua, na kwa sababu kurasa zake hazina namba kubwa, unaunganisha huku unahesabu kwa vidole. Ya kwanza naipa moja, kwa ajili ya ukanda, ambao kwa kweli ulikaa vizuri kiunoni na nimeutumia.

Wiki iliyopita amekuja msichana mwingine na picha ya filamu nyingine, gauni la mabawa. Nimemwambia akae kwanza nimpime kifua mara mbili.