Uzoefu wangu: Kitabu kilichobadilisha somo langu la samaki

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka mingi samaki niliyemfundisha alikuwa wa ubaoni tu: matamvua, mapezi, moyo wenye vyumba viwili. Mwanafunzi wangu wa zamani aliponiletea kutoka Nairobi kitabu cha Jonathan Balcombe kiitwacho What a Fish Knows, kilichotoka mwaka 2016, nilitambua kwamba sikuwahi kuwaeleza wanafunzi wangu samaki hufanya nini akiwa hai. Balcombe ni mtaalamu wa tabia za wanyama, lakini humwandikia msomaji wa kawaida, na ingawa Kiingereza changu ni cha kamusi, nilikimaliza kwa majuma matatu.

Habari iliyonishika kuliko zote ni ya samaki mdogo wa pwani ambaye, maji yakipwa, hubaki katika kidimbwi kati ya miamba. Akitishwa, huruka na kutumbukia katika kidimbwi cha jirani ambacho kutoka alipo hawezi kukiona, na ni nadra aangukie pakavu. Mtafiti Lester Aronson alionyesha kwamba samaki huyo hujifunza mahali pale wakati wa maji kujaa, anapoogelea juu ya miamba na kukariri mabonde yatakayokuwa vidimbwi baadaye, na kwamba hata baada ya kuwekwa mbali kwa siku 40 bado alikumbuka njia. Niliwasomea wanafunzi ukurasa huo, nikiufasiri sentensi kwa sentensi, na kwa mara ya kwanza katika somo la samaki kengele ililia wakiwa bado wanauliza maswali.

Sehemu ya maumivu ni ngumu zaidi, na nadhani ndiyo yenye thamani kubwa. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha majaribio ambamo samaki aina ya trauti walidungwa midomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki. Walipumua kwa kasi, wale wa asidi wakasugua midomo yao kwenye changarawe, na wote wakachelewa sana kurudia chakula. Wapo wanasayansi wanaokataa kwamba hayo ni maumivu kama tunavyoyajua sisi, na mwandishi hawafichi, ingawa msimamo wake mwenyewe uko wazi.

Mwandishi anajitahidi pia kumwondoa samaki katika hesabu ya vitu, kwa sababu Kiingereza humtaja kwa neno “it”, lile lile linalotumiwa kwa kiti au jiwe. Hapo nilifurahia Kiswahili, ambacho tangu zamani husema samaki anakuja, samaki wanakuja, sawa na mtu na watu. Sisi wa Bukavu, hata hivyo, tukiwa sokoni Kadutu husema samaki iko, na tangu nisome kitabu hiki sentensi hiyo hunikwaruza masikio.

Nina neno moja la tahadhari kwa walimu wenzangu. Mwandishi huchanganya majaribio ya maabara na visa vya watu wanaofuga samaki nyumbani. Visa hivyo vinapendeza, lakini mwanafunzi lazima aelezwe kwamba havina uzito uleule. Mimi niliongeza mfano wa karibu nasi, yaani utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2007 juu ya samaki mdogo wa ziwa Tanganyika: dume aliyetazama wenzake wakipigana wawili wawili aliweza kukisia nani mnyonge hata kati ya wale ambao hakuwaona wakikutana. Wanafunzi wenye jamaa Uvira, mji ulio kando ya Tanganyika, walishangaa kusikia kwamba samaki wa ziwa lile anajulikana hadi Marekani.

Swali ambalo kitabu hakikunijibu ni la sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Samaki hawa waliletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga ya nyumba nyingi hapa, yangu ikiwemo. Kurasa juu ya meli kubwa za uvuvi zimenihuzunisha, lakini mvuvi wetu, anayekesha ziwani na taa na wavu ili alipie watoto shule, si meli hiyo. Bado nanunua sambaza, ila usiku nikiziona taa zile juu ya maji, huwawazia wanaozifuata chini yake.

Nakala yangu naiazima kwa mwalimu yeyote wa Ibanda au Kadutu atakayeahidi kuirudisha kabla muhula haujaisha.