Bia ya moto naijua, waini ya moto kwa elfu themanini ndo nini sasa

Wikiendi iliyopita nilipelekwa kwenye usiku wa kuonja waini, sehemu moja huko Masaki, Dar, ambayo jina silitaji, kwanza mhudumu wetu alikua kijana mstaarabu sana na sitaki asome hapa akadhani namsema yeye. Ni zile baa zenye mbao ukutani, chupa zimelazwa ubavu kama watoto wa chekechea mchana, na menyu ina kurasa nyingi kuliko daftari la kikoba. Tulikua wanne, mimi, shoga yangu wa tangu chuo, mume wake ambaye ni shemeji yangu, na jamaa mmoja wa ofisini kwa shemeji. Elfu themanini kwa kichwa, unapata glasi tano ndogo na sahani ya jibini, alilipa shemeji kwahiyo kwenye hela sina neno, maneno yangu yako kwingine.

Mjue kwanza kwamba mie ni mtu wa bia ya Safari. Nimeanza nayo mshahara wa kwanza na sijaona sababu ya kuhama. Sasa tumekaa tu, bado shughuli haijaanza, kijana akaja kuuliza tunaanza na nini, shemeji akasema Kilimanjaro baridi, sawa bosi, ikaandikwa. Mie nikasema Safari, iwe baridi ila isigande. Kimya. Shoga yangu akanikanyaga mguu chini ya meza, kijana akatabasamu akasema "dada tuna waini moja ya pinki nzuri sana, akina dada wengi wanaipenda." Safari hawakua nayo, hilo sio kosa, kila mtu anauza anachouza, lakini Kili walikua nazo friji nzima na hakunitajia hata moja! Yaani chupa ya kahawia mbele ya shemeji ni kinywaji, mbele yangu ni aibu ya ukoo. Nikaagiza Kili kwa nguvu. Shoga akaniambia kwa sauti ya chini, unatuharibia picha bana, na kweli alikua anapiga picha meza muda wote, kwahiyo sikumbishia sana.

Na huyu shoga yangu ndo wale wanaosema mie bia sinywi, nakunywa waini tu, mie sio mlevi. Nimemwambia siku nyingi na leo naandika kabisa: Safari ni nusu lita asilimia 5.5, ndani yake mna mililita kama 27 za spiriti yenyewe. Chupa ya waini ni mililita 750, ikiwa ni asilimia 13 basi mna 97 na ushee, ambayo ni Safari tatu na nusu. Na chupa nzima anaimaliza peke yake Ijumaa akiangalia tamthilia. Mlevi hapo nani?

Haya, mtaalamu wa kutuongoza akaja. Mbongo mwenzetu, kasomea mambo hayo Afrika Kusini, anaongea taratibu kama mchungaji wa ibada ya kwanza. Shika glasi mguuni usishike tumboni, zungusha, nusa, zungusha tena, tia mdomoni usimeze. Hapo nilifurahi kwa kweli, kwa sababu kuna sababu, ukishika tumboni unaipasha joto kwa kiganja na ukizungusha harufu inaamka. Tatizo lilianza kwenye machozi. Akatuonyesha vile vistari vinavyoteremka ndani ya glasi ukishazungusha, akasema hayo ndo machozi ya waini, yakiwa mazito ujue waini ni ya hadhi. Jamani. Mie nimesoma kemia mpaka kidato cha sita, ile ni spiriti tu inakimbilia hewani haraka kuliko maji, kinachobaki ukutani kinajivuta kwenda juu halafu kinazidiwa uzito kinadondoka. Kikisema sana kinakuambia kilevi ni kingi. Nimerudi nyumbani nikamimina Konyagi, pombe kali yetu ya dukani, kwenye glasi yenye mguu nikazungusha, ikalia kama mfiwa.

Kwenye kunusa ndo nilitaka kucheka. Tuliambiwa humu kuna cheri, kuna beri nyeusi, kuna ngozi ya tandiko la farasi. Meza nzima ikaitikia eeeh, kweli, naipata. Nikawaangalia hawa watu, mmoja kakulia Tandika mwingine Mbagala, hilo tandiko la farasi mlilinusa wapi? Mie nilipata zambarau, ile ambayo haijaiva vizuri ukila inakukausha ulimi, na kwa nyuma kaukwaju. Nikasema kwa sauti. Mtaalamu akatabasamu ile ya kumsamehe mtoto. Ila ule ukavu wa ulimi nilioutaja ndo wenyewe ambao yeye aliutafutia jina la Kizungu dakika tano mbele, ni kitu kilekile kilichomo kwenye chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake, na sisi neno tunalo siku zote, ukakasi. Tuna ukakasi, tuna ugwadu, tuna uchachu, lugha ipo, sijui kwa nini mtu aambiwe hana pua kwa sababu hajawahi kuona cheri.

Halafu na pua zenyewe zinafuata macho. Mwaka 2001 kule Bordeaux, Ufaransa kwenyewe, ulichapishwa utafiti ambao wanafunzi 54 wa mambo ya waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaielezea kwa maneno yaleyale ya waini nyekundu. Sisemi ni wajinga, nasema hata wao. Basi mimi na zambarau yangu niachwe.

Sasa kiini cha malalamiko. Glasi ya tatu, Cabernet Sauvignon, waini nyekundu ya Stellenbosch huko Afrika Kusini, ndo ilikua nyota wa usiku, chupa yake kwenye menyu ilikua laki na kitu. Sisi tuko nje kwenye baraza, Dar mwezi wa pili, feni linasukuma joto kutoka meza moja kwenda nyingine, shemeji shati limemgandia mgongoni. Waini ikaja ya moto. Na ninaposema ya moto mnanielewa, sio vuguvugu, ilikua imekaa kaunta jioni nzima. Ukinusa unapigwa na spiriti tu puani, zambarau hamna, tandiko la farasi limekimbia. Nikamuuliza mtaalamu kwa adabu zote, kaka, hii hatuwezi kuiweka kwenye barafu kidogo? Akasema hapana dada, nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, kuiweka kwenye barafu ni ushamba.

Chumba cha nani? Hilo neno limetoka Ulaya kwenye nyumba za mawe, nyuzi 16 mpaka 18 hivi, chumba ambacho mie ningevaa sweta na soksi. Baraza lile lilikua linakaribia nyuzi 30 na usiku umeshaingia. Yaani ametukaririsha namna ya kushika glasi mguuni ili kiganja kisipashe waini, halafu waini yenyewe imeshapashwa na jiji zima! Wameshika sherehe yote, wameachia kitu kimoja tu ambacho kinaharibu kinywaji.

Nilichofanya, pembeni kulikua na ndoo ya barafu ya ile nyeupe, nikaichomeka chupa yetu humo, nikahesabu kama dakika kumi na mbili nikila jibini. Jamani, ikawa kinywaji kingine. Spiriti imetulia, zambarau imerudi na sasa imeiva, na hata hicho walichokiita ngozi nikakipata kwa mbali, ingawa mie ningesema kandambili mpya. Waini nzuri kabisa, naisifia bila kinyongo. Jamaa wa ofisini kwa shemeji, aliyekua wa kwanza kucheka niliposema barafu, nilimuona anasogeza glasi yake upande wangu akitazama kwingine.

Fikirini baa ya kwetu ya viti vya plastiki. Kabla hujaweka hata simu mezani dada wa kaunta anakuuliza swali moja, ya moto au ya baridi? Hakuhukumu. Kuna wazee hawagusi ya baridi maisha yao yote, wanasema baridi inaua ladha, na kweli ulimi uliogandishwa hausikii kitu, Safari isiyo ya friji ina utamu wa shayiri ambao kwenye baridi unajificha. Halafu chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, akikuletea iliyofunguliwa unairudisha na hakuna anayekasirika. Hiyo nayo ni ibada, tena yenye maana. Masaki pia walitufanyia ibada ya kummiminia shemeji kidogo aonje aseme kama iko sawa, ambayo kazi yake hasa ni kukamata waini iliyoharibiwa na kizibo cha gome, ile inayonuka boksi lililolowa, haiulizi kama umeipenda. Ila chupa ilikua ya kifuniko cha kuzungusha. Gome hamna! Shemeji akafumba macho, akatafuna, akatikisa kichwa kwamba sawa, mie nikaangalia baharini.

Na sio kwamba kuonja ni mambo ya wageni. Kwa baba yangu Kibosho, Moshi, mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, haipiti mkononi kwa mtu kabla mwenyewe hajaonja, na wazee wanajua huyu kazidisha msesewe, lile gome la mti la kutia uchungu, hii ndizi haikuiva, ulezi huu ulikua umelala. Wana maringo nao, msidhani, mbege ya ng'ambo ya mto wanaisema vibaya kuliko yule kaka wa Masaki anavyoisema Dompo, waini yetu ya Dodoma. Tofauti ni kwamba wakikusema unajua wanasema nini.

Dompo niliitaja kwa sababu glasi ya tano ilikua ya Dodoma, nyekundu, sio Dompo lakini meza nzima ilicheka kama ndo yenyewe, na mtaalamu akaileta akisema ya mwisho ni ya uzalendo. Hapo alinikera. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mzabibu hauna baridi ya kuulaza kama Ulaya, mkulima ndo anaulaza kwa kuukatia, hiyo ni hadithi ya kumsimulia mgeni dakika kumi, wewe unaifanya kichekesho cha kufungia shughuli. Kama ilikua nzuri? Ilikua ya kawaida, ina kasukari, ukiinywa na jibini lenye chumvi inakaa vizuri. Ile ya Stellenbosch iliishinda, sitadanganya kwa ajili ya bendera. Hii nayo ilikuja ya moto, na barafu ilikua imeshaisha.

Mengineyo haraka haraka. Jibini zuri, ila mkate kidogo, omba wa ziada mapema. Choo kisafi na sabuni ipo. Maegesho ni ya kugombania. Ukienda omba meza ya ndani kwenye kiyoyozi, usikubali baraza hata wakikuambia kuna upepo wa bahari, na kama ni mwanamke unataka bia sema mara moja tu kwa sauti ya kawaida kisha nyamaza, wataleta.

Jumatatu wakanitumia meseji niwape nyota. Nimewapa tatu, ya jibini, ya yule kijana mhudumu na ya choo. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika ya nne iko kwenye ndoo ya barafu, wakinunua ndoo ya pili waniambie.